Namba 23: Jinsi ya Kumpima Beki Chipukizi kwa Kipimo cha Mkongwe

Agosti 2018, mjini Morogoro, klabu ya Yanga ilimuaga beki wake Nadir Haroub, ambaye mashabiki wa soka nchini wanamjua zaidi kwa jina la Cannavaro. Alikuwa ameitumikia klabu hiyo kwa miaka 12, na kwa miaka kadhaa kati ya hiyo alivaa kitambaa cha unahodha. Jezi yake namba 23 hakuondoka nayo. Aliikabidhi kwa kijana aliyetoka Zanzibar kama yeye, Abdallah Shaibu, maarufu kwa jina la Ninja. Tendo lile lilikuwa la heshima, lakini pia lilimtwisha kijana mzigo, kwa sababu tangu siku hiyo kila mpira uliompita ulipimwa kwa mipira ambayo mwenye namba yake alikuwa ameiokoa.

Katika mabaraza ya Darajani, ambako watu hukaa jioni baada ya pilikapilika za soko, ubishi wa namna hii haukuanza 2018 na hadi leo haujakwisha. Siku hizi jina linalotajwa zaidi ni la Ibrahim Abdallah Hamad, maarufu kwa jina la Bacca, beki wa Yanga na Taifa Stars aliyetokea katika soka la Unguja. Wazee husema bado hajamfikia Cannavaro, na vijana husema alikwisha kumpita zamani. Pande zote mbili zina hoja, lakini mara nyingi kila upande hupima kitu chake. Ili tupime kwa haki, inatubidi tuanze mbali kidogo. Tujue beki wa Zanzibar anatokea wapi, anapita njia gani, na njia hiyo ilibadilika vipi kati ya kizazi kimoja na kingine.

Soka lilifika Unguja mwishoni mwa karne ya 19 kupitia kwa Waingereza, na miongoni mwa wenyeji waliocheza mapema ni wanafunzi wa Kiungani, shule ya wamisionari wa UMCA. Wakati huo hori la bahari lilitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja mahali panapoitwa Darajani mpaka leo. Soko kubwa lilijengwa hapo mwaka 1904, hori likafukiwa kidogo kidogo, na pande mbili za mji zikawa zinakutana kila siku kwa biashara na mazungumzo. Mpira nao ulivuka kwa njia hiyo hiyo. Kutoka shuleni na katika ofisi za wakoloni uliingia mitaani, na viwanja vya Mnazi Mmoja vikawa mahali ambapo timu za Mji Mkongwe na za Ng'ambo zilipimana nguvu. Tangu mwanzo, basi, mchezaji wa Unguja alikuwa mtoto wa mtaa fulani, na watu wa mtaa ndio waliokuwa waamuzi wake wa kwanza.

Mizani ya pili ilikuwa ya kimataifa. Kombe la Gossage lilianza 1926 kati ya Kenya na Uganda, likaipokea Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika, na Zanzibar ikajiunga kabla ya miaka ya 1950. Kombe hilo lilibadilika umbo na jina mara kadhaa hadi likawa Kombe la Chalenji la CECAFA, na Zanzibar iliendelea kushiriki kwa timu yake yenyewe hata baada ya Muungano wa 1964. Mwaka 1995 Zanzibar ililitwaa kombe hilo nchini Uganda, na hadi sasa huo ndio ubingwa wake pekee katika mashindano hayo. Kwa mchezaji wa visiwani Chalenji ilikuwa shule ya kila mwaka, kwani ilimkutanisha na washambuliaji wa Uganda, Kenya, Ethiopia na Rwanda akiwa amevaa jezi ya kwao.

Baada ya Mapinduzi vikosi navyo vikaingia katika soka. KMKM, yaani Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, kina timu yake. Mafunzo, ambao ni askari wa magereza, wana yao, na vivyo hivyo JKU, KVZ, Polisi na Zimamoto. Timu hizi zilisimama pamoja na zile za mitaa kama Malindi, Mlandege, Miembeni na Jang'ombe. Tofauti yake kwa kijana ni kubwa. Timu ya mtaa humpa jina na watazamaji, ilhali timu ya kikosi humpa ajira, mshahara wa mwezi na nidhamu ya kuamka alfajiri kwa mazoezi. Chini ya timu hizo zote zipo ligi za vijana, zile za Juvenile, Junior na Central, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa ngazi za kupandia. Uwanja wa Amaan, uliojengwa mwaka 1970, ukawa ndio kilele cha ngazi hizo.

Hata hivyo kilele hicho kilikuwa na dari. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, kwa hiyo haiwezi kucheza mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Machi 2017 CAF iliipokea kuwa mwanachama kamili, lakini Julai ya mwaka huo huo uamuzi ukafutwa, na mlango wa Kombe la Mataifa ya Afrika ukafungwa tena. Klabu za visiwani zinashiriki mashindano ya CAF kwa nafasi zao wenyewe, ila timu ya taifa haishiriki. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Unguja anayetaka kucheza na mataifa makubwa hana budi kupita Taifa Stars, na ili aonekane na makocha wa Taifa Stars, mara nyingi hana budi kwanza kuvuka bahari na kusajiliwa na klabu ya Bara. Kuvuka huko ndiko kunakomfanya chipukizi alinganishwe na wakongwe waliomtangulia, kwa sababu huko Bara wote hupitia milango ile ile michache.

Nadir Haroub alizaliwa 1982. Alikulia katika Malindi, klabu kongwe ya Unguja iliyowahi kufika nusu fainali ya Kombe la CAF mwaka 1995, akajiunga na Yanga mwaka 2006 akiwa na miaka 24. Mwaka huo huo Fabio Cannavaro aliiongoza Italia kutwaa Kombe la Dunia na akachaguliwa mchezaji bora wa Ulaya, jambo la nadra sana kwa beki. Jina hilo kwa kijana wa Zanzibar lilikuwa sifa, lakini lilikuwa pia kipimo ambacho hakuna beki wa Afrika Mashariki angeweza kukifikia kwa msimu mmoja.

Miaka yake ya mwanzo Bara ilikuwa miaka ya kujifunza. Taifa Stars ilikuwa chini ya Mbrazili Marcio Maximo, aliyeifundisha kuanzia 2006 hadi 2010 na kuifikisha katika fainali za kwanza za CHAN mwaka 2009 nchini Ivory Coast. Mwaka 2009 Cannavaro alikwenda pia Kanada kwa muda mfupi, katika klabu ya Vancouver Whitecaps, kisha akarudi Yanga. Mwaka huo huo Zanzibar ilishika nafasi ya tatu katika Chalenji, na ikairudia nafasi hiyo mwaka 2012. Yanga nayo ilikuwa ikitwaa ubingwa na kuupoteza. Ilishinda ligi ya 2008/09, ikaiachia Simba iliyofuata, ikairudisha 2010/11, kisha ikaipoteza tena. Katika kipindi hicho Cannavaro alitambulika kuwa beki mzuri, lakini lile jina la mkongwe asiyepitika lilikuwa bado halijajengeka.

Mwaka 2012 ndio uliogeuza mambo. Mei ya mwaka huo Yanga ilipokea kipigo cha mabao 5–0 kutoka kwa Simba, na katika usajili uliofuata ilimchukua beki Kelvin Yondani kutoka kwa watani wao hao hao. Yondani alikuwa mwepesi na mwenye kasi ya kufukuza, ilhali Cannavaro alikuwa mwenye nguvu, msemaji uwanjani na hodari wa mipira ya juu. Kila mmoja aliziba pengo la mwenzake. Yanga ikatwaa ubingwa wa 2012/13, kisha ikautwaa mara tatu mfululizo kuanzia 2014/15 hadi 2016/17. Picha ya Cannavaro ambayo wazee wa barazani wanaibeba kichwani imetoka hasa katika miaka hii, yaani kuanzia mwaka wake wa saba klabuni na kuendelea.

Usiku uliomkamilisha ni wa tarehe 1 Machi 2014. Yanga iliikaribisha Al Ahly ya Misri, iliyokuwa bingwa mtetezi wa Afrika, katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam. Mechi ilikwenda bila bao hadi dakika za mwisho, ndipo Cannavaro alipopanda mbele na kufunga bao pekee lililoizamisha Al Ahly. Wiki moja baadaye mjini Alexandria Waarabu walishinda 1–0, na Yanga ikatolewa kwa penalti 4–3. Kwa matokeo ya kitabuni Yanga ilishindwa. Kwa kumbukumbu za watu, beki kutoka Unguja aliifunga timu bora ya bara zima, na bao hilo likawa hoja inayofunga mjadala kila anapotajwa kijana mwingine.

Lakini historia ya haki haiachi kurasa ngumu. Novemba 2015 Taifa Stars, ambayo Cannavaro alikuwa nahodha wake, ilitoka sare ya 2–2 na Algeria jijini Dar es Salaam, kisha ikafungwa 7–0 mjini Blida na kuaga safari ya kuelekea Kombe la Dunia la 2018. Mapema 2016 unahodha wa Taifa Stars ulipewa Mbwana Samatta, na Cannavaro akatangaza kustaafu soka la timu ya taifa. Yanga ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho mwaka huo na kumaliza mkiani mwa kundi. Umri ulikuwa umekwisha kuingia, nafasi yake katika kikosi cha kwanza ikapungua, na mwaka 2018 akatundika daruga na kuwa meneja wa timu. Anayemtaja Cannavaro kama kipimo anapaswa kuitaja miaka hii pamoja na ule usiku wa Al Ahly, kwani mchezaji ni jumla ya misimu yake yote.

Pembeni mwake alikuwepo Mzanzibari mwingine wa kizazi hicho ambaye hatajwi vya kutosha. Aggrey Morris alivuka bahari akitokea Mafunzo na kuwa nguzo ya Azam, klabu iliyotwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mchezo. Machi 2019, akiwa tayari mkongwe, alifunga bao la tatu Taifa Stars ilipoifunga Uganda 3–0 na kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Katika fainali zenyewe nchini Misri Tanzania ilipoteza mechi zote tatu na kuruhusu mabao manane. Hiyo ndiyo hali ambayo kizazi cha Cannavaro na Morris kiliirithisha kwa vijana: klabu zenye nguvu nyumbani, na timu ya taifa iliyokuwa bado inatafuta namna ya kusimama mbele ya wakubwa.

Ninja aliingia hapo. Yanga ilimsajili mwaka 2017 kutoka Taifa ya Jang'ombe, akiwa kijana mdogo kuliko Cannavaro alipovuka. Mwaka mmoja baadaye akapewa namba 23. Mwaka 2019 alisajiliwa na MFK Vyškov ya Jamhuri ya Czech na kupelekwa kwa mkopo Marekani, katika timu ya LA Galaxy II. Mwaka 2020 akarudi Yanga, na hapo akakuta nafasi imekwisha kujaa, kwani klabu ilikuwa imemsajili Bakari Mwamnyeto kutoka Coastal Union, na baada ya miezi michache ikamwongeza Dickson Job kutoka Mtibwa Sugar. Hakuwahi kupata misimu mitatu au minne mfululizo ya kucheza kila wiki. Wapo waliosema kijana ameshindwa kuivaa jezi ya mkubwa wake. Kauli hiyo haitazami tarehe. Cannavaro alipokwenda Kanada alikuwa na misimu mitatu ya Yanga nyuma yake, na aliporudi aliikuta nafasi yake ikimsubiri. Ninja aliondoka kabla hajajenga nafasi yenyewe.

Ibrahim Bacca alipita njia nyingine. Alijiunga na Yanga Januari 2022 akitokea KMKM, yaani katika timu ya kikosi, akiwa mtu mzima aliyekwisha kukomaa katika ligi ya nyumbani. Yanga aliyoikuta ilikuwa imara kuliko aliyoikuta Cannavaro 2006. Kocha alikuwa Mtunisia Nasreddine Nabi, langoni alisimama Djigui Diarra wa Mali, na katikati ya ulinzi walikuwapo Mwamnyeto, Job na Mkongomani Yannick Bangala. Timu ilikuwa katika msururu wa mechi 49 za ligi bila kufungwa, ambao ulikatwa na Ihefu mwezi Novemba 2022. Bacca hakuingia kwa kishindo. Alianza benchi, akaingizwa kidogo kidogo, akazoea, na ilipofika 2023 alikuwa mmoja wa watu ambao kocha hakuweza kuwaacha.

Matokeo yaliyofuata yanajulikana. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023. Ilifungwa 2–1 na USM Alger jijini Dar es Salaam, ikashinda 1–0 nchini Algeria, na ikalikosa kombe kwa sheria ya mabao ya ugenini. Mwaka uliofuata, chini ya Muargentina Miguel Gamondi, ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na kuizuia Mamelodi Sundowns isipate bao katika mechi zote mbili, kisha ikatolewa kwa penalti. Katika Taifa Stars, Bacca alikuwamo katika fainali za Afrika nchini Ivory Coast mapema 2024, ambako Tanzania ilifungwa 3–0 na Morocco, ikatoka sare ya 1–1 na Zambia, na ikamaliza kwa 0–0 dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika fainali zilizofuata nchini Morocco, zilizoanza Desemba 2025, Tanzania ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Sasa tuyapime maelezo yanayoshindana. Ya kwanza ni ya kipaji, kwamba beki mkubwa huzaliwa hivyo na wengine watamfuata kwa mbali. Maelezo haya yanapendwa kwa sababu ni mepesi, ila yanashindwa kueleza kwa nini Cannavaro yule yule alihitaji miaka sita Yanga kabla ya kufika kilele. Kama kipaji kingetosha, kilele kingefika 2007. Wahenga wa pwani walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na kwa beki kauli hiyo ina uzito zaidi kuliko kwa mshambuliaji. Mshambuliaji kijana anaweza kukosea mara tano na kufunga la sita, watu wakamshangilia. Beki kijana anaweza kuokoa mara tano, akakosea ya sita, na mechi ikapotea kwa jina lake.

Maelezo ya pili ni ya mazingira. Cannavaro alikuwa na Chalenji karibu kila mwaka, na mashindano hayo yalimpa mechi za kimataifa akiwa nahodha wa Zanzibar. Baadaye kombe hilo likaanza kukosekana. Halikufanyika 2014, 2016 wala 2018. Desemba 2017 Zanzibar, ikiwa chini ya kocha Hemed Suleiman 'Morocco', ilifika fainali huko Machakos, ikatoka sare ya 2–2 na Kenya na kushindwa kwa penalti. Tangu fainali za 2019 nchini Uganda, timu za wakubwa hazikukutana tena katika kombe hilo kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo kizazi cha Bacca kilipoteza shule moja. Badala yake kilipata nyingine, ambayo ni hatua za makundi za mashindano ya klabu Afrika. Kizazi cha Cannavaro kiliingia humo kwa nadra, lakini Yanga ya Bacca imeifanya kuwa kazi ya kila msimu. Mwanafunzi wa shule ya kwanza alijifunza uongozi mapema, na mwanafunzi wa shule ya pili alijifunza mapema kukabiliana na washambuliaji ghali wa Cairo, Algiers na Pretoria.

Maelezo ya tatu ni ya wenzake. Hakuna beki anayecheza peke yake. Cannavaro wa 2010 na Cannavaro wa 2013 ni mtu mmoja, lakini wa pili alikuwa na Yondani pembeni yake. Bacca tangu mwanzo alikuwa na Diarra nyuma yake na Job au Mwamnyeto ubavuni. Anayehesabu mabao yaliyofungwa bila kutazama nani alikuwa kipa na nani alikaba mbele ya mabeki, anahesabu kazi ya watu saba kwa jina la mtu mmoja.

Mfano kutoka mchezo wa mbali unasaidia kuonyesha jambo hili. Mwaka 2013 klabu ya Indianapolis Colts ya Marekani ilimsajili Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga ambaye hakuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani. Alifundishwa nafasi ambayo kazi yake kubwa ni kumvamia mrushaji wa timu pinzani kabla hajautoa mpira. Katika klabu hiyo hiyo alikuwepo Robert Mathis, ambaye msimu huo aliongoza ligi nzima kwa kuwaangusha warushaji mara 19.5. Ligi hiyo huhesabu nusu pale wachezaji wawili wanapomwangusha mtu kwa pamoja. Desemba 2013 Adongo aliweka historia ya kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ile, lakini kufikia 2015 safari yake ilikuwa imekwisha. Ukiwaweka pamoja watu hawa wawili, tofauti inatisha. Lakini Mathis wa 2013 alikuwa katika msimu wake wa 11. Katika msimu wake wa kwanza, mwaka 2003, alikuwa na 3.5 tu, na hiyo ni baada ya kuucheza mchezo huo tangu ujana. Kumpima mgeni wa mwaka wa kwanza kwa mkongwe wa mwaka wa 11 hakutuambii chochote kuhusu mgeni. Kunatuambia tu kwamba miaka kumi ni mingi.

Kosa hilo ndilo linalorudiwa katika ubishi wa namba 23. Tunamkumbuka mkongwe kwa mwisho wake na tunamtazama chipukizi katika mwanzo wake. Njia ya haki ni kuweka msimu wa kwanza kando ya msimu wa kwanza, na wa nne kando ya wa nne. Tukifanya hivyo, Bacca yuko mbele. Katika msimu wake wa kwanza kamili alifika fainali ya Afrika, na katika ule uliofuata akafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Cannavaro katika misimu yake ya mwanzo alikuwa bado anajenga jina nyumbani. Lakini tukipima urefu wa utumishi na uzito wa uongozi, yaani miaka 12 katika klabu moja na unahodha wa Yanga, wa Taifa Stars na wa Zanzibar, Cannavaro yuko mbele, na Bacca bado ana misimu ya kutimiza.

Yapo pia mambo ambayo jedwali la matokeo haliyaonyeshi, na mtazamaji anayekaa jukwaani Amaan anaweza kuyaona kwa macho yake. Krosi inapopigwa, usiufuate mpira. Mtazame beki kabla mpira haujafika. Je, amegeuza shingo kumtafuta mtu wake, au anautazama mpira peke yake? Mguu wake wa kwanza umekwenda mbele au nyuma? Mkono wake umemgusa mshambuliaji ili ajue yuko wapi, au anakisia? Baada ya kuokoa, anasimama kupumua, au tayari ananyoosha mkono na kupaza sauti ili mstari upande? Beki anayekua hubadilika katika mambo haya kwanza, na mabao hupungua baadaye. Cannavaro katika miaka yake bora alisikika hata na watu wa majukwaani. Bacca ni mtulivu zaidi, na huukatiza mpira kabla hatari haijaonekana. Ni mitindo miwili ya kazi moja, na mmoja hauwezi kuhukumiwa kwa kelele au ukimya wa mwingine.

Hukumu yangu, baada ya kufuata tarehe hizi zote, ni hii. Kwa kiwango cha mechi alizocheza mapema na kwa hatua ambazo timu zake zimefika, Ibrahim Bacca amekua haraka kuliko Nadir Haroub alivyokua. Sehemu ya haraka hiyo ni juhudi yake, na sehemu ni matunda ya klabu iliyokuwa imejengwa na wengine kabla yake, wakiwemo wale waliojenga bila kufika fainali. Cannavaro anabaki kuwa kipimo cha uongozi na uvumilivu. Ninja hakushindwa mtihani wa jezi, bali alipewa mtihani kabla ya kumaliza masomo, na kosa la kumpa kijana mzigo wa namba ni letu sisi tuliokaa tukihesabu.

Limebaki ombi moja kwa Shirikisho la Soka Zanzibar, kwa klabu na kwa walimu wa timu za vijana. Andikeni. Mechi za Juvenile, Junior na Central zinachezwa mwaka mzima Unguja na Pemba, na mabeki wa kesho wamo humo sasa hivi. Kila mechi iwe na karatasi yake: nani alicheza, dakika ngapi, nafasi gani, pembeni ya nani. Daftari moja kwa kila timu linatosha kuanzia. Tukiwa na madaftari hayo, kijana atakayevuka bahari baada ya Bacca atapimwa kwa yale ambayo mkubwa wake aliyafanya akiwa na umri kama wake.